Je, Wajua? Siku Moja kwa Gari Kwenye Miamba ya Mwanza

Jaza tangi, kagua breki na matairi, maana leo tunapanda na kushuka vilima vya Nyamagana, jijini Mwanza.

Je, wajua kwamba mawe ya Mwanza hayakutapikwa na volkano? Wageni wengi wakiyaona huuliza mlima ulioyarusha uko wapi. Haupo. Hii ni granaiti, mwamba uliopoa polepole kilomita kadhaa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Volkano zilizoujenga Kilimanjaro zilianza kazi takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Kwa hiyo jiwe unaloliegemea pale Mabatini ukisubiri daladala limeuzidi umri mlima huo kama mara 1,000.

Je, wajua nani aliyapandanisha mawe hayo, moja juu ya jingine? Maji. Mwamba ulikuwa mmoja, wenye nyufa zilizokatana. Mvua ikapenya kwenye nyufa hizo, ikaanza kuzila pembe, kwa sababu pembe hushambuliwa kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Kipande cha pembe nne kikawa duara. Udongo uliolainika ukasombwa kuelekea Ziwa Victoria, na mawe yakabaki yamekaa pale pale yalipozaliwa. Egesha gari karibu na Capri Point ulitazame Jiwe la Bismarck likiwa limesimama majini: hakuna aliyelibeba kulipeleka pale. Kilichobebwa ni jina tu, la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, lililoletwa na wakoloni.

Je, wajua kwamba yupo mjusi mwenye jina la Mwanza? Wanasayansi humwita Agama mwanzae. Dume ana kichwa na mabega mekundu, na sehemu ya nyuma ya buluu. Mtafute jua likishapanda, anapoota joto juu ya mawe. Ukimwona pimbi jirani yake, kumbuka kwamba kiumbe huyo mdogo ni ndugu wa tembo.

Je, wajua kwamba Nyamagana ina hifadhi ya taifa ndani ya jiji? Hapo acha gari, upande boti. Kisiwa cha Saanane kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Ni kilomita za mraba 2 na ushei tu, pamoja na maji yake, lakini miamba yake peke yake inatosha kukulipa nauli.

Je, wajua kwamba ziwa ni changa sana mbele ya mawe haya? Lina miaka kama 400,000. Ardhi ya magharibi iliinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ikazuiliwa, maji yakatandaa. Ndiyo maana ziwa ni pana mno, takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Ziwa Tanganyika, lililo kwenye bonde la ufa, lina zaidi ya mita 1,400. Na Victoria liliwahi kukauka, kama miaka 15,000 iliyopita! Nikisimama ufukweni huwa nawaza hilo kuliko jambo jingine lolote.

Unatafuta maporomoko? Maji ya Victoria hutoka ziwani huko Jinja, Uganda, yalipokuwapo Maporomoko ya Ripon hadi yalipozamishwa na bwawa la umeme lililozinduliwa 1954. Yanaendelea hadi Murchison, ambako Mto Nile hujibana kwenye mwanya wa mita chache na kuanguka zaidi ya mita 40.

Unataka volkano? Shika Barabara ya Nyerere, pita Igoma na Kisesa (Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako hapo hapo, usiyaruke), kisha Magu hadi Lamadi, kwenye lango la Ndabaka la Serengeti. Nyasi za kusini mwa hifadhi hiyo zimeota juu ya majivu ya volkano za upande wa Ngorongoro, na miamba inayochomoza katikati yake, wanapolala simba, ni granaiti kama ya Mwanza. Kati ya volkano hizo, Ol Doinyo Lengai bado iko hai. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya lava za kawaida, hutoka nyeusi na baada ya siku chache hugeuka nyeupe.

Kwa mzunguko mfupi, fuata Barabara ya Kenyatta hadi Usagara, ukate kwenda Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi. Lina urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025, na limemaliza foleni ya kivuko.

Rudi Capri Point kabla ya jua kuzama, ambalo huku huchwea karibu saa moja jioni. Fika mapema, zima injini, litazame Jiwe la Bismarck likibadilika rangi, na tafadhali usichore jina lako kwenye mwamba wowote.