Wild Wadi au Aquaventure? Afya ya Familia Katika Bustani za Maji za Dubai

Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazofika Dubai kwa biashara au kutembelea jamaa hutenga siku moja ya kuwapeleka watoto kwenye bustani ya maji. Kiingilio si cha bei ndogo, hivyo wengi hulazimika kuchagua moja kati ya mbili zinazojulikana zaidi: Wild Wadi, iliyoko ufukweni Jumeirah karibu na hoteli ya Burj Al Arab, au Aquaventure, iliyomo katika eneo la hoteli ya Atlantis kwenye kisiwa cha kutengenezwa cha Palm Jumeirah. Mazungumzo ya nyumbani hutawaliwa na watoto wakubwa, nao huuliza ni wapi penye mtelezo mrefu na wa kasi. Swali gumu zaidi ni lile linaloletwa kliniki siku chache kabla ya safari, au lisiloletwa kabisa: je, mtoto mwenye selimundu aingie? Mama mjamzito je? Na bibi mwenye kisukari, aketi wapi?

Bustani hizi mbili hazifanani. Wild Wadi ilifunguliwa mwaka 1999 na imejengwa juu ya visa vya Juha, yule mjanha-mjinga wa hadithi za Kiarabu ambaye msikilizaji wa Kiswahili atamtambua mara moja kuwa ni ndugu wa Abunuwasi. Kuna bwawa la mawimbi, mto wa kuelea polepole uliopewa jina la safari ya Juha, jahazi la kuchezea watoto, na mtelezo uitwao Jumeirah Sceirah wenye kimo cha takribani mita 32, ambako mtu husimama ndani ya chumba chembamba, kisha sakafu hufunguka ghafla chini ya miguu yake. Aquaventure ilifunguliwa mwaka 2008 na inafuata simulizi ya Atlantis, mji uliozama baharini kama alivyousimulia Plato. Imepanuliwa mara kwa mara, na leo ina mitelezo na michezo zaidi ya 100. Mtelezo wake maarufu, Leap of Faith, hushuka karibu wima na kumpitisha mtu ndani ya bomba angavu katikati ya bwawa la papa na taa. Kwa ukubwa wa eneo, Wild Wadi ni ndogo sana ikilinganishwa nayo.

Tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa afya ya familia, ingawa ndiyo isiyotajwa sana. Bustani kubwa ina maana ya mwendo mrefu juani kati ya mchezo na mchezo, ngazi nyingi za kupanda, na watoto wanaotawanyika kuelekea pande nne. Bustani ndogo huchosha vijana mapema, lakini humwezesha mzazi mmoja kurudi penye kivuli, maji ya kunywa na choo kwa dakika chache. Familia yenye vijana watupu, wote wakiwa wazima na wanajua kuogelea, itapata zaidi Aquaventure. Familia yenye mtoto wa chini ya miaka sita, au mgonjwa anayehitaji kupumzika kila baada ya muda, ina sababu nzuri ya kuchagua Wild Wadi hata kama watoto wakubwa watanuna.

Kimo nacho kihesabiwe kabla ya kulipa. Mitelezo mikubwa ya bustani za aina hii hupima urefu wa mtoto, na mara nyingi mpaka huwa kati ya mita 1.1 na 1.2. Kipimo hicho si ubaguzi wala mbinu ya kibiashara. Mwili mfupi na mwepesi hurushwa kwa urahisi kwenye kona, na mtoto asiyefikisha kimo huenda asiweze kusimama katika bwawa la kutua. Mtoto apimwe nyumbani ukutani, bila viatu, na familia ilinganishe kipimo hicho na masharti ya mitelezo yote ya bustani zote mbili. Ikionekana kuwa watoto wawili kati ya watatu watabaki kwenye eneo la wadogo, umaarufu wa minara mirefu hauna faida kwao.

Kufa maji bila kelele

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, lakini mtoto anayezama kweli mara nyingi hatapitapi wala haiti. Mdomo unapokuwa usawa wa maji, pumzi yote hutumika kutafuta hewa. Hakuna inayobaki ya kupiga kelele. Mikono husukuma maji chini badala ya kupunga. Mtazamaji aliye mita tano kando anaweza kudhani mtoto anacheza, na katika bwawa la mawimbi lenye watu mia wanaopiga makelele ya furaha hakuna atakayetambua ukimya wa mmoja.

Waokoaji wapo katika bustani zote mbili, na hawawi mbadala wa mzazi. Mtoto mdogo awe mahali ambapo mkono wa mtu mzima unamfikia. Maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi ni vitu vya kuchezea: huchomoka, hutoboka, na humpa mzazi utulivu asiostahili. Kinachofaa ni jaketi la kujiokolea linalomkaa mtoto sawasawa, lenye mkanda unaofungwa. Ikiwa watu wazima ni wawili, wapeane zamu kwa kutamka: “Sasa ninaangalia mimi.” Ajali nyingi hutokea pale ambapo kila mmoja alidhani mwenzake anaangalia. Simu ya aliye zamu ikae ndani ya mkoba.

Selimundu, kifafa, kisukari

Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo mhudumu wa afya wa eneo hili ataulizwa swali hili mara nyingi kuliko mwenzake wa Ulaya. Hatari iko katika mambo matatu yanayokutana siku hiyo moja: baridi ya maji, upungufu wa maji mwilini, na uchovu. Ngozi inapokutana na maji baridi mishipa midogo hujibana, damu hupita polepole, na chembe nyekundu zilizopoteza oksijeni hujikunja kama mundu na kuziba njia. Maumivu huweza kuanza hapo hapo au usiku ule hotelini.

Kumkataza mtoto huyo maji kabisa si lazima, na huumiza kwa namna nyingine. Yeye tayari hukosa mengi shuleni. Aingie kwenye maji ya uvuguvugu, akae muda mfupi, atoke, akaushwe mara moja na kuvalishwa nguo kavu kabla upepo haujampiga. Anywe maji kila nusu saa, hata kama hana kiu. Asipande ngazi za mnara mara kumi kwa kushindana na kaka zake. Hatari inayosahaulika ni basi au teksi yenye kiyoyozi kikali anamoingia akiwa na nywele mbichi. Kwa mtoto huyu bustani ndogo ni bora, na swali la kuuliza kabla ya kununua tiketi ni moja: maji ya mabwawa yana nyuzi ngapi za joto mwezi huu? Ikiwa amelazwa kwa maumivu wiki chache zilizopita, daktari wake ndiye aamue kama aingie majini kabisa.

Kwa mwenye kifafa hesabu ni nyingine. Hatari yake ya kufa maji ni kubwa mara nyingi kuliko ya mtu mwingine, kwa kuwa degedege majini humwingiza maji mapafuni bila yeye kujua. Mtelezo wa bomba lililofungwa una tatizo la pekee: degedege likianza katikati, hakuna anayemwona hadi atokee chini. Ambaye kifafa chake bado hakijatulia kwa dawa asiingie humo. Aliyetulia kwa muda mrefu, kwa idhini ya daktari, anaweza kuelea kwenye mto wa polepole akiwa na jaketi na mtu mzima wake peke yake, anayejua la kufanya. Asiruke dozi ya asubuhi kwa sababu ya pilika za safari, na asifike akiwa hajalala. Ndege za usiku zimechokoza degedege nyingi.

Mwenye kisukari hufikiriwa kwa chakula tu, na miguu husahaulika. Sakafu ya bustani ya maji chini ya jua la Dubai huweza kuunguza nyayo, na mtu ambaye neva za miguu yake zimekufa ganzi hatahisi. Atagundua malengelenge jioni, na kidonda kitarudi naye nyumbani. Avae viatu vya mpira vya majini kutoka mlangoni hadi ukingoni mwa bwawa, na nyayo zikaguliwe kabla ya kulala. Insulini isiachwe kwenye kabati la kuhifadhia mizigo lililo juani. Ibebwe kwenye mkoba wa kuhifadhi ubaridi, isiguse barafu. Kuogelea hushusha sukari, kwa hiyo kipimo na kitu kitamu viwe karibu.

Mama mjamzito asipande mitelezo ya kasi katika bustani yoyote kati ya hizi mbili, na wenyewe wamiliki humzuia. Mto wa kuelea polepole penye kivuli hauna ubaya kwa mimba isiyo na matatizo. Kuhusu mitelezo hiyo ya kasi, agizo la kuvusha mguu juu ya mguu linalotolewa juu ya mnara lina sababu ya kitabibu ambayo wafanyakazi huona haya kuieleza: maji yanayogonga kwa kasi kati ya miguu iliyoachana huweza kuingia kwa nguvu ukeni au katika njia ya haja kubwa na kuchana tishu za ndani. Wasichana waelezwe waziwazi kabla ya kwenda.

Watu wenye ualbino wavae nguo ya kuogelea ya mikono mirefu, kofia pana, na losheni ya kukinga jua inayopakwa tena kila baada ya saa mbili na kila watokapo majini. Losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi yafaa kubebwa kutoka nyumbani.

Harufu ya klorini

Wengi huamini kuwa bwawa lenye harufu kali ya dawa ni safi. Ukweli ni kinyume. Harufu ile hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji, na ndiyo inayowasha macho na kuwakohoza wenye pumu. Bwawa lililotunzwa vyema halinuki sana. Kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia hupunguza tatizo hili kuliko kuongeza dawa.

Klorini huua vijidudu vingi kwa dakika chache, lakini kimelea kiitwacho Cryptosporidium kina ganda gumu na huweza kuishi zaidi ya siku saba katika bwawa lenye klorini ya kiwango sahihi. Mtoto mmoja anayeharisha aweza kuwaambukiza wengi wanaomeza maji. Kwa hiyo anayeharisha asiingie, hata kama tiketi imekwisha kulipiwa. Na aliyethibitika kuwa na kimelea hicho asubiri wiki mbili baada ya kupona. Nepi za kuogelea huzuia kinyesi kuonekana; hazizuii vimelea. Mtoto abadilishwe chooni, si kando ya bwawa. Lenzi za macho zivuliwe.

Mwezi na saa

Kuna familia ambazo tarehe ya safari ina uzito kwao kuliko jina la bustani. Likizo ya shule ya Juni na Julai huangukia majira ambayo joto la Dubai hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Serikali ya nchi hiyo huwakataza waajiri kuwafanyisha watu kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, tangu Juni 15 hadi Septemba 15. Kama saa hizo hazimfai fundi mwashi aliyezoea, haziwezi kumfaa mtoto wa miaka minne. Siku za Juni familia iingie milango inapofunguliwa na itoke kabla ya adhuhuri. Likizo ya Desemba ni ya nafuu kwa wengi, ila jioni huwa na upepo wa baridi, na hapo mwenye selimundu atoke mapema.

Dawa zibebwe katika pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Tramadol, kodeini na diazepam ni miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa katika Falme za Kiarabu, na mgonjwa anayezitumia anapaswa kuomba idhini ya mamlaka za huko kabla ya kupanda ndege. Mhudumu anayeandika barua ataje jina halisi la dawa, dozi, na ugonjwa, kwa Kiingereza. Namba ya gari la wagonjwa ni 998. Iandikwe kwenye simu ya kila mtu mzima, na kwa mtoto mwenye selimundu au kifafa jina la ugonjwa na simu ya mzazi viandikwe kwa wino usiofutika kwenye bangili ya mkononi.