Mtoto wa farasi apimwe kwa tepu, si kwa jicho

Mvua za Machi zikinyesha Kona Baridi, majani huchipuka upesi kando ya barabara ya Magadi, na mwenye farasi hufurahi kuona mtoto aliyekondeshwa na kiangazi akinawiri ghafla. Hapo ndipo mimi hupata wasiwasi. Mtoto aliyedumazwa na njaa, kisha akashindiliwa chakula, huongeza uzito kabla mifupa yake haijawa tayari kuubeba. Gegedu zilizo kwenye ncha za mifupa, ambako mfupa hurefukia, huvurugika. Vifundo huvimba na miguu huanza kupinda.

Farasi huzaliwa na takriban asilimia 10 tu ya uzito wa mama yake, lakini kimo chake tayari kimepita nusu ya kile atakachofikia. Akitimiza miezi 6, kimo huwa kimevuka asilimia 80 ilhali uzito haujafika nusu. Mifupa hutangulia, nyama hufuata. Mtu anayetaka mtoto mnene ameanzia mwisho.

Mizani ya farasi ni adimu huku kwetu, ila tepu ya fundi cherehani inatosha. Kila mwezi zungusha tepu kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima kimo kutoka ardhini hadi juu ya mabega, mnyama akiwa amesimama mahali tambarare (Kona Baridi, kupata tambarare ni kazi). Andika daftarini. Kanuni nyingi za kukadiria uzito kwa tepu zilitungwa kwa farasi wazima na kwa mtoto hudanganya. Wewe fuata mwendo wa vipimo vyenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni ndoo ya pumba za ngano. Zina fosforasi tele na kalsiamu haba. Majani ya kikuyu na napia nayo yana oksaleti, ambayo hushika kalsiamu isiingie mwilini. Ukivichanganya kila siku, mwili hunyonya kalsiamu ya mifupani, na mwishowe mifupa ya uso huvimba. Boma Rhodes iliyokatwa kabla ya kukomaa, lusani kidogo na chumvi ya madini ni afadhali mara nyingi.

Wenye punda, nanyi msikilize: mifupa ya mgongo ya wanyama hawa hukawia miaka kadhaa kukomaa, kwa hiyo mitungi ya maji isubiri.

Ukiona kifundo kimejaa, au kimo kimesimama huku kifua kikipanuka, punguza nafaka na umwite daktari wa mifugo. Usingoje achechemee.