Kwa nini piano na muziki wa Kiarabu hazipatani kwa urahisi

Kwa zaidi ya miaka 90 watunzi wamejaribu kuunganisha muziki wa klasiki wa Ulaya na muziki wa asili wa Kiarabu. Kikwazo kikubwa ni kimoja: baadhi ya sauti za Kiarabu hazimo kabisa katika piano.

Piano hugawa kila oktava katika hatua 12 zinazolingana. Nadharia ya kisasa ya Kiarabu huhesabu hatua 24, hivyo kila nusu sauti huzaa robo sauti mbili. Katika Rast, mojawapo ya maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki huo, sauti ya tatu huangukia kati ya vibonye viwili vya piano. Ikisogezwa ili ilingane na kimojawapo, Rast si Rast tena.

Mvutano huo ulijitokeza wazi mjini Cairo mwaka 1932, katika mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika chini ya udhamini wa Mfalme Fuad wa Kwanza. Miongoni mwa wageni walikuwamo watunzi Béla Bartók wa Hungaria na Paul Hindemith wa Ujerumani. Baadhi ya wajumbe waliona piano kuwa njia ya maendeleo, huku wengine wakihofia kuwa ingefuta robo sauti.

Fidla haikuleta hofu hiyo. Shingo yake haina vigawanyo, hivyo kidole hutua popote mpigaji atakapo. Ndiyo maana ilikwisha kupokewa nchini Misri tangu karne ya 19.

Athari za Cairo zilifika pia Zanzibar. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim huko kujifunza kanuni. Hadi leo, katika taarab asilia, fidla husikika pamoja na udi na kanuni.

Tatizo la pili ni namna ya kupanga sauti. Muziki wa Ulaya hulisha sauti kadhaa kwa pamoja, ilhali ule wa Kiarabu hufuata mkondo mmoja ambao kila mpigaji huupamba kwa namna yake. Robo sauti ikiingizwa katika mlio wa sauti tatu za pamoja, sikio lililozoea muziki wa Ulaya hudhani ala imelegea nyuzi.

Watunzi wengi, kwa hiyo, hukimbilia maqam zisizo na robo sauti, kama Nahawand, iliyo karibu na ngazi ya Ulaya yenye mlio wa huzuni. Ngazi hiyo ndiyo ya Simfonia namba 40 ya Mozart, ambayo ndugu Rahbani wa Lebanon waliitumia kumtengenezea Fairuz wimbo "Ya Ana Ya Ana".

Njia hiyo ni rahisi, lakini ina gharama yake. Maqam kama Rast na Bayati, ambazo robo sauti ndiyo uhai wake, huachwa nje ya mlango.