Tuipambe Noeli kwa Vitu vya Nyumbani



Majilio yanapoanza, baadhi ya maduka ya Butembo na Beni hubadilika sura. Milangoni hutundikwa matufe yenye kung'aa, kamba za karatasi za rangi ya fedha, na miti ya plastiki ambayo haikuota katika shamba lo lote. Watoto hupita, husimama, hutazama, kisha hurudi nyumbani na swali lao: "Mama, sisi tutanunua lini?" Mama huhesabu moyoni. Karo ya shule haijatimia, mafuta ya kupikia yako karibu kwisha, na nyumbani mwake wanalala wageni waliokimbia kijiji chao. Amjibu nini mwanawe?

Leo twataka kumsaidia mama huyo. Hatutamwambia akope fedha, wala hatutaki awafundishe watoto kwamba Noeli ni sikukuu ya wenye mali. Twamwalika atazame jikoni mwake, nyuma ya nyumba yake, na katika kikapu cha mabaki cha fundi wa kushona aliye jirani. Humo mna mapambo ya kutosha. Yangoja mikono tu.

Desturi ya pango la Noeli haikuanzia madukani. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa katika kijiji cha Greccio, nchini Italia. Alitamani kuona kwa macho yake jinsi Mtoto Yesu alivyokosa hata mahitaji ya mtoto mchanga. Basi alimwomba rafiki yake mmoja atayarishe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Watu wa kijiji wakaja usiku na mienge yao, na Misa ikaadhimishwa mahali pale penye hori. Miaka mingi baadaye, tarehe 1 Desemba 2019, Baba Mtakatifu Fransisko alifika Greccio akatia sahihi barua juu ya maana ya pango. Humo alizihimiza familia zishike desturi hiyo, akataja pia ustadi wa watu wanaolitengeneza kwa vitu vya namna mbalimbali. Wakristo wa Ufilipino nao wajulikana kwa taa zao zenye umbo la nyota, ambazo tangu zamani walizitengeneza kwa mianzi na karatasi. Twaona basi kwamba umaskini wa vifaa si aibu katika jambo hili.

Lakini huenda msomaji mwingine atatuuliza: "Je, yafaa kupamba nyumba, na huku tunazika ndugu zetu?" Swali hili si la mchezo. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wengi wa Beni na vijiji vyake wameuawa bila kosa, na familia nyingi zimeacha mashamba yao ya kakao na mihogo. Siku yenyewe ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2021, bomu lililipuka mjini Beni mahali watu walipokuwa wakisherehekea, na baadhi yao wakafa.

Jibu letu ni hili. Pango ni habari ya jamaa iliyokosa nafasi katika nyumba ya wageni, kisha ikakimbilia Misri usiku kwa sababu ya ukali wa Herode. Anayelitengeneza hasahau msiba. Awaonyesha watoto wake Mungu aliyekubali kuwa mkimbizi. Kinachomuumiza mfiwa ni majivuno ya jirani yake na makelele yake ya ulevi. Nyota ya karatasi iliyokunjwa na watoto haikumdharau mtu ye yote.

Haya, tushike kazi. Majilio yana Dominika nne. Basi na tuigawe kazi kwa majuma yake, ili isiwe mzigo.

Juma la kwanza ni la kukusanya na kuosha. Tuwekeni kando madaftari yaliyojaa, maganda makavu ya mahindi, maganda ya mgomba, chupa za plastiki za soda, vizibo, mikebe ya maziwa ya unga, mifuko mitupu ya simenti na vipande vya vitenge. Tangu amri ya tarehe 30 Desemba 2017, serikali ya Kongo imekataza mifuko ya plastiki. Hata hivyo plastiki bado huziba mifereji yetu mvua inaponyesha. Kila chupa inayotumiwa tena nyumbani imepunguza taka moja.

Hapa, wazazi, twawasihi jambo kubwa. Watoto wakusanye vitu vya nyumbani mwao tu. Wasichokore jalala, wala wasiguse vitu vilivyotupwa na zahanati: sindano, bendeji, chupa za dawa. Tulipata fundisho chungu katika ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Noeli ya mwaka 2018 tulinawa mikono kabla ya kuingia kanisani, wala hatukupeana mikono ya amani. Tena mtoto akiona chuma asichokijua porini au kando ya barabara, asikiokote, asikipige kwa jiwe. Aondoke, akamwite mtu mzima. Silaha zilizoachwa na wapiganaji huua hata baada ya vita kuhamia mahali pengine. Hakuna pambo lenye thamani ya kidole cha mtoto.

Juma la pili tutengeneze minyororo na nyota. Gundi haina gharama: twaa kijiko kimoja cha unga wa muhogo, ukoroge kwa maji baridi kidogo, kisha umimine maji ya moto huku ukikoroga, na uweke motoni mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Itumie siku ile ile au kesho yake, maana huota ukungu. Kata kurasa za daftari ziwe vipande vya upana wa vidole viwili na urefu wa shibiri. Gundisha kipande cha kwanza kiwe pete, pitisha cha pili ndani yake, na kuendelea hivyo hivyo. Ukitaka rangi ya njano, paka maji ya manjano, uache yakauke.

Kwa nyota kubwa, chukua vijiti vitano vya matete vilivyo sawa. Vipange kama mtoto achoravyo nyota kwa mstari mmoja bila kuinua kalamu. Funga zile ncha tano kwa uzi, kisha uifunike kwa karatasi. Nyota hiyo yafaa kutundikwa mlangoni, ili mpita njia ajue kwamba nyumba hii inamngoja Bwana.

Juma la tatu ni la chupa na vizibo. Tazama chini ya chupa ya plastiki ya soda: mara nyingi utaona vifundo vitano. Mtu mzima akikata kitako hicho kwa mkasi, amekwisha pata ua lenye petali tano. Kitobolewe kwa sindano nene, kitiwe uzi. Mabaki yasichomwe moto jikoni, kwa kuwa moshi wa plastiki ni sumu. Vizibo vipigwe nyundo mpaka viwe bapa, vitobolewe kwa msumari, vipangwe katika waya. Upepo ukivuma vitalia kama kengele ndogo. Mikebe ikikatwa, kingo zake zikunjwe kwa nyundo kabla mtoto hajaigusa. Matufe ya dukani hayahitajiki: kitambaa cha kitenge kilichofungwa juu ya ganda la mahindi lililoviringishwa ni tufe zuri, nalo halivunjiki.

Juma la nne tulijenge pango. Mfuko wa simenti ukung'utwe nje ya nyumba, ukiwa umejifunga kitambaa puani, maana vumbi lake laumiza kifua. Kisha uukunje-kunje, uupake maji ya udongo yaliyochanganywa na mkaa uliosagwa. Ukikauka utafanana na mwamba. Maria, Yosefu na wachungaji watengenezwe kwa maganda ya mgomba: viringisha ganda liwe mwili, fanya kichwa kwa pamba au kitambaa, uwavike kitenge. Mti wetu uwe tawi la mkaratusi, ambao twaujua sana katika vilima vya Butembo, likisimama ndani ya mkebe wenye mchanga. Mishumaa isiwashwe karibu na nyasi, maganda wala karatasi.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenye wageni waliokimbia vita wasiwaache watoto wao wakae pembeni wakitazama. Mtoto aliyeiona nyumba yake ikiteketea apewe mkasi, apewe kitenge, aulizwe habari za Noeli ya kijijini kwao. Na usiku wa mkesha, wakati wa kumlaza Mtoto Yesu horini, yeye ndiye apewe heshima ya kumlaza. Bibi wa nyumba aseme tu, "Haya, mwanangu, mlaze Bwana wetu," naye atajua kwamba katika nyumba hii yeye si mzigo.

Sikukuu za Noeli zikiisha, msitupe kazi ya mikono yenu. Tieni nyota na maua katika sanduku, mahali pakavu. Karatasi zilizochakaa ziwashe moto wa jikoni. Mwakani mtaongeza kidogo tu, kwani haba na haba hujaza kibaba. Na zile fedha ambazo zingenunua matufe zinunue daftari la mwanafunzi, au sabuni ya mgeni.

Basi mtoto akiuliza tena, "Mama, sisi tutanunua lini?", mama anaweza kumjibu bila huzuni: "Mwanangu, yetu twaitengeneza. Waite wenzako, mlete maganda ya mahindi."

Twawatakia nyote Noeli njema na ya amani.