Uniti Moja ya Usiku: Hesabu ya Betri ya Nyumbani

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, zile zinazopangwa mbele ya maduka ya sola Kariakoo, hubeba uniti moja ya umeme na kidogo juu yake. Zidisha 12 kwa 100, unapata wati-saa 1,200. Uniti unayonunua kwa LUKU ni wati-saa 1,000, na mteja wa kawaida Tanzania huilipia shilingi 350 hivi. Jiko la umeme la sahani moja huimaliza ndani ya saa moja. Ukishaijua hesabu hii, huulizi tena betri ipi ni nzuri. Unauliza nyumba yako inahitaji wati-saa ngapi tangu jua linapozama hadi linapochomoza.

Swali hilo linatuhusu sote, hata tunaoishi chini ya nguzo za umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilizama gizani, na giza likaufikia hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Alfajiri ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu katika Gridi ya Taifa iliikatia Tanzania umeme, wakati mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulikuwa umeshaanza kuzalisha. Bwawa hilo limejengwa kufikia megawati 2,115, na ni jambo la kujivunia, lakini wingi wa umeme kwenye mitambo hauzuii nguzo kuanguka mtaani kwenu wakati wa masika.

Tuchukue nyumba ya familia ya kawaida Dar es Salaam. Taa tano za LED za wati 7, zikiwaka saa tano, zinakula wati-saa 175. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa 12 ni 120. Televisheni ya inchi 32 inayotumia wati 50, ikiangaliwa saa nne, ni 200. Feni moja ya wati 50 chumbani kwa watoto, kwa saa nane za usiku, ni 400, na joto la Januari halina mjadala. Simu nne ni kama 60. Jumla ni wati-saa 955. Inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, hupoteza kama asilimia 15 njiani, kwa hiyo betri itatakiwa kutoa 1,120 hivi.

Friji sikuliweka kwa makusudi. Friji dogo lenye kompresa ya wati 150 huwaka na kuzima, tuseme theluthi moja ya muda, kwa hiyo usiku mmoja wa saa 12 linakula wati-saa 600. Kibaya zaidi, kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa sekunde chache, na inveta ndogo hushindwa hapohapo. Anayetaka friji ajue anaongeza betri ya pili na inveta kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, familia yenye bajeti finyu iliache friji nje ya mfumo mwanzoni. Friji lililojaa lisipofunguliwa-funguliwa hutunza ubaridi kwa saa kadhaa.

Sasa betri yenyewe, na hapa ndipo sayansi ilipobadilisha mambo. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza inayoweza kuchajiwa upya, ya risasi na tindikali, na mpaka leo gari lako linawashwa na mjukuu wake. Ni betri imara na rahisi kununua, ila ina masharti. Ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku, vibamba vyake huota fuwele ngumu za salfeti na uwezo wake huporomoka. Kwa hiyo katika wati-saa 1,200 zilizoandikwa, za kutumia ni 600 tu. Halafu kuna joto. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa nusu. Stoo iliyo chini ya mabati Temeke au Mombasa hufika nyuzi 35 bila shida, na betri iliyoahidiwa miaka minne inaondoka baada ya miwili.

Mshindani wake alizaliwa katika maabara ya John Goodenough kwenye Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba fosfati ya chuma inaweza kupokea na kutoa chembe za lithiamu mara nyingi bila kuharibika. Goodenough alikuja kupata Nobeli ya Kemia mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 97, kwa mchango wake katika betri za lithiamu. Uzuri wa fosfati ya chuma ni kwamba haihitaji kobalti, madini ambayo sehemu kubwa ya dunia huyapata Kongo. Chuma kipo tele, na fosfati ni ya ukoo wa ile inayochimbwa Minjingu, Manyara, kwa ajili ya mbolea. Ndani ya fosfati, oksijeni imefungwa kwa nguvu na fosforasi, haiachiliwi kirahisi betri inapopata moto. Ndiyo maana aina hii ni tulivu zaidi kuliko lithiamu za kobalti zilizomo kwenye simu nyingi.

Seli moja ya fosfati ya chuma ina volti 3.2. Nne zikiunganishwa mfululizo zinatoa 12.8, na kwa ampea-saa 100 unapata wati-saa 1,280. Unaweza kutumia asilimia 90 kila usiku, yaani 1,150 hivi, na betri nzuri huvumilia mizunguko 2,000 au zaidi. Nyumba yetu ya wati-saa 1,120 inatoshelezwa na betri moja, kwa shida kidogo. Kwa betri za risasi ingehitaji mbili kamili. Bei ya lithiamu dukani bado inaumiza, lakini ukiigawa kwa idadi ya siku itakazokutumikia, mara nyingi ndiyo rahisi.

Ndani ya betri hiyo mna kibao cha elektroniki kinacholinda seli: hukata mkondo seli ikizidi volti 3.65 au ikishuka chini ya 2.5. Usinunue betri ya lithiamu isiyo nacho. Jihadhari pia na kupima chaji iliyobaki kwa volti. Betri ya fosfati hukaa karibu na volti 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha hudondoka ghafla mwishoni. Kipimo cha kuaminika ni mita ya shanti, inayohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka.

Na kwa kuwa bandia zimejaa, inyanyue kabla ya kulipa. Betri halali ya fosfati ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 10 hadi 12 hivi. Ukiuziwa yenye kilo tano, ndani hamna ampea-saa 100, hata lebo iandikweje. Ukifika nyumbani ichaji ijae, iunganishie taa za jumla ya wati 100 kupitia inveta, uandike saa. Inapaswa kukupeleka karibu saa 11.

Sehemu ambayo mafundi wengi huifanyia haraka ni waya, na ndiyo inayoweza kuunguza nyumba. Inveta ya wati 500 kwenye betri ya volti 12 huvuta karibu ampea 49 ikibebeshwa mzigo wote. Ukitumia waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita mbili kwa kwenda na kurudi, wati 33 zinageuka joto ndani ya waya huo mwembamba. Plastiki inalainika, kisha inayeyuka. Waya wa milimita za mraba 16 kwa urefu uleule hupoteza wati tano tu. Joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo: ampea zikizidi maradufu, joto linakuwa mara nne. Kwa sababu hiyo anayepanga mfumo wa wati 1,000 kwenda juu namshauri aanze na volti 24, na mkubwa zaidi uwe wa 48. Nguvu inabaki ileile, ampea zinapungua.

Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 20. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kutoa ampea zaidi ya elfu moja kwa mkupuo, na spana iliyodondoka juu ya nguzo zake hugeuka nyekundu. Kwa inveta yetu ya wati 500, fyuzi ya ampea 60 au 80 iliyotengenezwa kwa umeme wa betri inafaa. Ile ya umeme wa nyumba siyo mbadala, kwa sababu cheche ya umeme wa betri hairudi sifuri mara 100 kwa sekunde kama ya gridi, hivyo huendelea kuwaka.

Paneli ya sola ya kuichaji betri iwe kubwa kiasi gani? Dar es Salaam hupata jua linalolingana na saa nne na nusu hadi tano za jua kali kamili kwa siku. Paneli ya wati 400, ukishatoa vumbi, joto na upotevu wa waya, kama asilimia 30 kwa jumla, itavuna wati-saa 1,260 kwa saa nne na nusu. Inarudisha kilichotumika usiku na kubakiza kidogo. Joto tu lina sehemu yake kubwa. Wati za paneli hupimwa seli zikiwa nyuzi 25, lakini juu ya mabati hufika 60, na kila nyuzi inayozidi hula asilimia 0.35 hivi. Hapo asilimia 12 imeondoka. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya paneli na bati, upepo upite. Ielekeze kaskazini, na mwinamo usipungue nyuzi 10 ili mvua iioshe. Kwa wa Nairobi, karibu na ikweta, uelekeo si hoja kubwa.

Kontrola ya chaji isichaguliwe kwa bei. Paneli ya wati 400 hufanya kazi vizuri kwenye volti 31 na ampea 13. Kontrola za kizamani huivuta ishuke hadi volti za betri, na ampea 13 kwa volti 13 ni wati 169, chini ya nusu ya ulichonunua. Kontrola ya MPPT huiacha paneli kwenye volti zake, kisha hubadilisha ziada kuwa ampea, hadi 30 hivi. Iwekwe kwenye mpangilio wa lithiamu, si wa risasi.

Ukitaka inveta ilishe nyaya za nyumba nzima, lazima pawe na chenjiova inayotenga gridi kabisa, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Umeme unaorudi nyuma kupitia transfoma ya mtaani hupandishwa hadi volti 11,000 au 33,000, na fundi aliyepanda nguzo akiamini umekatika ataupokea kwa mikono yake. Njia salama kwa mfumo mdogo ni soketi zake peke yake, zisizogusa nyaya za nyumba.

Lipo moja la mwisho, na ni zito. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha watu kwa risasi. Phyllis Omido, aliyeipigania jamii hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurudi nyuma. Betri yako ya risasi ikifa, usimwage tindikali yake uani wala usimuuzie anayeivunja kwa nyundo mtaani. Irudishe kwa muuzaji anayezipokea, na umuulize inakopelekwa kabla hujaiacha.