Rangi Ndani ya Gari Kuukuu: Kazi Huanza Kabla ya Brashi

Mkazi wa Kigali aliyekwisha kuwa mtu mzima hahitaji kuelezwa maana ya "twegerane". Ndilo jina la Kinyarwanda, lenye maana ya "tusogeleane", ambalo wananchi waliyapa mabasi madogo ya Toyota Hiace, ambamo abiria walikaa bega kwa bega na goti kwa mgongo. Mwaka 2013, njia za Jiji la Kigali zilipogawiwa makampuni yenye mabasi makubwa zaidi, magari hayo yalianza kupungua mjini. Lakini gari la chuma halifi kwa siku moja. Basi dogo lililostaafu laweza kung'olewa viti, likatiwa kitanda, kabati na jiko dogo, likawa chumba cha kulala cha familia iendayo kutazama wanyama katika Hifadhi ya Akagera, au ofisi ya fundi afuataye kazi vijijini.

Huko Ulaya na Marekani magari yenye vitanda na jiko hutengenezwa kiwandani tangu mwanzo, na yakisha kuzeeka wenyewe huyapaka rangi upya ndani ili yapendeze. Kazi ni ile ile, liwe gari la Chicago au la Nyabugogo. Makosa yake nayo ni yale yale, na kosa kubwa kupita yote ni kununua rangi kabla ya kulikagua gari. Rangi haiponyi ugonjwa. Huufunika tu, nao hujitokeza tena baada ya mvua moja, ilhali fedha za akiba zimekwisha kwenda. Tena katika gari kuukuu yamo madhara mengine yawezayo kumfikia mtoto kabla baba hajatambua.

GARI SI NYUMBA

Yafaa ikumbukwe kwamba gari halifanani na nyumba kwa mambo matatu. Kwanza, nyumba husimama, bali gari hutikisika. Rangi nene iliyokauka na kuwa ngumu kama kigae hupasuka katika barabara ya mashimo. Pili, ukuta wa gari ni bati jembamba. Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,500, na usiku wake ni wa baridi. Watu wanne wakilala ndani na madirisha yamefungwa, mvuke wa pumzi zao hugeuka matone juu ya bati, na asubuhi ukuta umelowa. Tatu, hewa iliyomo ni kidogo mno. Harufu ya rangi ambayo sebuleni ingetoweka kwa siku moja, ndani ya gari hukaa siku nyingi.

MAJI KWANZA

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta maji. Mtu mmoja na aingie ndani na tochi, mwingine amwage maji juu ya paa polepole, akianzia upande mmoja hadi wa pili. Mahali pa kuangaliwa sana ni pembe za madirisha, viungo vya paa, na kila tundu lililotobolewa ili kufungia kitu. Doa la rangi ya chai juu ya dari ni alama ya maji ya zamani. Plaiwudi ikibonyea kwa kidole imekwisha kuoza, nayo hapana budi iondolewe, kwa maana hakuna rangi iwezayo kushika juu ya mti uliooza.

Tundu na lizibwe kwa silikoni au dawa nyingine ya kuzibia iliyo laini, itakayocheza pamoja na gari. Izibwe kwa nje, wala si kwa ndani tu, kwani maji yaliyozibiwa ndani hubaki katikati ya kuta mbili na kulila bati. Kisha gari liachwe likauke kabisa. Kwa Rwanda, wakati mwema ni kiangazi kirefu, tangu Juni hadi mwanzo wa Septemba, au siku za jua za Januari na Februari. Anayeanza kazi hii katikati ya masika ya Aprili ajitayarishe kungoja.

RISASI ISIYO NA MLIO

Askari anaifahamu risasi itokayo mdomoni mwa bunduki. Iko risasi nyingine isiyo na mlio, nayo ni madini yale yale ya risasi yaliyotiwa ndani ya rangi za zamani ili zing'ae, zikauke upesi na zidumu. Rangi za njano, nyekundu na ya machungwa ndizo zilizotiwa madini hayo kwa wingi.

Hatari yake imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani wa majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Siku hizi kiwango cha juu kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 tu za risasi katika sehemu milioni moja za rangi. Hata hivyo, katika nchi nyingi sheria hizo zilianza na rangi za majumba, na rangi za magari na mitambo zikaachwa nyuma. Gari lililopakwa mara tatu na mafundi watatu katika miaka thelathini laweza kuwa na kila aina ya rangi, moja juu ya nyingine, na mnunuzi wa leo hana njia ya kuijua historia hiyo.

Rangi hiyo ikitulia ukutani bila kubanduka haina madhara makubwa. Madhara huanza inapokwaruzwa kwa msasa mkavu na kuwa vumbi. Vumbi hilo hutua sakafuni, likashika mikono ya mtoto, na mtoto hutia mikono kinywani. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto wadogo huidhuru akili inayokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Mama mjamzito naye yumo katika hatari, pamoja na mtoto aliye tumboni.

Basi kanuni ni hii: rangi ya zamani usiyoijua ihesabiwe kuwa ina risasi. Kama imeshika vizuri, ioshwe na kufunikwa, isikwaruzwe hadi chini. Kama hapana budi ikwaruzwe, itumike karatasi ya msasa wa maji, na mahali pawe pamelowa wakati wote. Moto wa kuibabua usitumike kamwe, kwa kuwa hugeuza risasi kuwa moshi. Watoto na wajawazito wakae mbali mpaka kazi iishe. Mfanyakazi avae kinyago cha kuzuia vumbi laini, asile wala asivute sigara ndani, na nguo zake za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi na sare za shule. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Kufagia hulirusha hewani.

KUOSHA NA KUTAYARISHA

Hatua ifuatayo ni kufungua kila kinachofunguka: milango ya kabati, bawaba, vishikizo, taa na mapazia. Skrubu za kila kitu zitiwe katika kopo lake na kuandikwa jina. Kupaka juu ya bawaba ni uvivu ambao mlango hulipiza kwa kukwama.

Kisha kuta zioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hasa karibu na jiko, kwa sababu mafuta ya kupikia yasiyoonekana huizuia rangi kushika. Zisuuzwe kwa maji safi, zikauke. Baada ya hapo kila kitu kipewe haki yake. Plaiwudi tupu husuguliwa kwa msasa namba 120. Sehemu laini zenye mng'ao, iwapo si rangi ya zamani isiyojulikana, husuguliwa kidogo tu kwa namba 180 au 220, si kwa kuzimaliza bali kwa kuuondoa mng'ao. Chuma chenye kutu, ambacho rangi yake imekwisha kutoka, hupigwa brashi ya waya mpaka kitokeze cheupe, kikapakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Plastiki na mbao zilizobandikwa karatasi ya kung'aa zahitaji rangi ya kwanza iliyotengenezwa kushika juu ya vitu laini. Bila hiyo, rangi hubanduka kama ganda la ndizi. Ni vyema kujaribu mahali padogo pasipoonekana, kungoja siku mbili, kisha kukwaruza kwa ukucha.

Viko vitu ambavyo brashi haina ruhusa kuvigusa. Mikanda ya usalama isipakwe wala isimwagiwe thina, kwa kuwa nyuzi zake hudhoofika. Kizima moto na mlango wa dharura vibaki kama vilivyo. Namba ya chesisi isifunikwe, kwani gari ambalo namba yake haisomeki humletea mwenyewe maswali mbele ya mkaguzi.

HEWA NA MOTO

Kwa kazi ya ndani ya gari, rangi ya maji yafaa kuliko ya mafuta. Harufu yake ni ndogo, na brashi huoshwa kwa maji. Anayechagua rangi ya mafuta kwa ajili ya kabati ajue kwamba mvuke wa thina huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, tena hushika moto. Kabla ya kuanza, mtungi wa gesi utolewe nje na betri ifunguliwe. Milango yote iwe wazi, na mtu asifanye kazi peke yake.

Jambo moja lazima lisemwe kwa nguvu. Wako watu ambao rangi ikichelewa kukauka huingiza imbabura, yaani jiko la mkaa, ndani ya gari na kufunga milango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, si kwa kukausha rangi, si kwa kuota moto. Vitambaa vyenye mafuta ya rangi navyo visirundikwe pembeni, kwa kuwa vyaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vianikwe nje mpaka vikauke.

HESABU YA FEDHA

Lita moja ya rangi kwa kawaida hutosha kiasi cha mita 10 za mraba kwa mkono mmoja wa rangi. Ndani ya basi dogo, dari na kuta bila madirisha hukaribia eneo hilo. Kwa hiyo lita 2 zatosha mikono miwili. Gari kubwa lenye urefu wa mita 5, upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.9 huwa na kiasi cha mita 30 za mraba baada ya kutoa milango na madirisha, nalo lahitaji lita 6. Mwenye kuweka akiba yake Zigama CSS ataona kwamba rangi yenyewe si mzigo. Yafaa atenge kwanza fedha za silikoni, plaiwudi, misasa na rangi ya kwanza, kisha ndipo achague rangi.

Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Rangi ya maji huachwa saa 4 hivi kabla ya mkono wa pili, na ya mafuta huachwa hadi kesho yake. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Rangi huchukua wiki tatu au nne kuwa ngumu. Familia isilale ndani maadamu harufu bado ingaliko.

PAMBO LA NYUMBANI

Rangi nyeupe ya maziwa au ya mchanga hulifanya gari lionekane kubwa, na isiyong'aa sana huficha mabonde ya bati. Anayetaka pambo hana haja ya kulitafuta mbali. Huko Gisaka ya kale, katika Wilaya ya Kirehe ya leo, wanawake waliremba kuta za ndani kwa imigongo, mistari na pembe za rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi zilizoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu. Masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye mwanzilishi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, sanaa hiyo ilifufuliwa na vikundi vya wanawake. Samadi haistahimili mtikisiko wa gari, lakini mistari yake yaweza kuchorwa bapa kwa utepe wa karatasi na makopo matatu madogo ya rangi.

Mwisho, mabaki ya rangi yasimwagwe mtaroni. Maji ya mitaro ya Kigali huteremka mabondeni, huingia mto Nyabugogo, kisha Nyabarongo na Akagera, hadi Ziwa Victoria. Kopo lenye rangi lifungwe na kuwekwa kwa kazi nyingine, na ganda la rangi ya zamani lifungwe vizuri, likabidhiwe wazoa taka kwa kuwaeleza lilivyo.

Gari lililotayarishwa hivyo litachelewa kupendeza kwa wiki mbili au tatu, lakini watakaolala ndani yake wataamka salama, na mvua ya Aprili italikuta limekwisha kujiandaa.