Majina 36 ya Mji wa Comfort

Comfort ni mji mdogo wa Texas wenye wakazi zaidi ya 2,000, kaskazini-magharibi ya jiji la San Antonio. Kando ya barabara yake ya High Street umesimama mnara wa mawe ya chokaa, wenye pande nne na uliochongoka juu. Hauna jenerali aliyepanda farasi wala askari aliyeshika bunduki. Una maneno matatu ya Kijerumani, Treue der Union, yaani uaminifu kwa Muungano, na majina ya wanaume 36. Hapo hapo hupepea nusu mlingoti bendera ya Marekani yenye nyota 36, idadi ya majimbo ya nchi hiyo mwaka 1866, mnara ulipozinduliwa.

Mgeni anayejua historia kidogo lazima ashangae. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, Texas ilikuwa upande wa Shirikisho la Kusini, lililojitenga na Muungano wa Marekani, yaani upande wa Kaskazini, ili kuulinda utumwa. Wanaume hawa waliuawa na askari wa Kusini kwa sababu walikataa kuufuata upande huo. Na watu wao walisimamisha mnara huku wakiendelea kuishi jirani na wale waliounga mkono mauaji hayo.

Comfort ilianzishwa mwaka 1854 na wahamiaji wa Kijerumani. Miongoni mwao walikuwamo wasomi waliokimbia kwao baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa, watu waliopenda uhuru wa fikra na wasiotaka kutawaliwa kwa mabavu. Walilima na kufuga katika vilima vile, na wachache sana kati yao walimiliki watumwa. Texas ilipopiga kura ya kujitenga, Februari 1861, jimbo kwa jumla lilikubali kwa kishindo. Lakini katika wilaya ya Gillespie, iliyo jirani na yenye Wajerumani wengi, kura karibu 400 zilipinga na zisizofika 20 zikaunga mkono.

Kupinga kwa kura kulivumiliwa kwa muda. Aprili 1862 Shirikisho la Kusini lilipitisha sheria ya kuwaingiza wanaume jeshini kwa lazima, na mambo yakabadilika. Wajerumani wengi walikuwa wamejiunga na chama cha kuutetea Muungano, chenye vikosi vyake vya silaha. Serikali ikatangaza sheria ya kijeshi, ikamtuma Kapteni James Duff na askari wake vilimani, na wakazi wakatakiwa kuapa utii.

Mwanzoni mwa Agosti 1862 wanaume zaidi ya 60, karibu wote Wajerumani, waliondoka chini ya Fritz Tegener kuelekea Mexico. Baadhi yao walikusudia kufika New Orleans, iliyokuwa imekwisha kutekwa na jeshi la Kaskazini, wakajiandikishe huko. Walisafiri polepole, bila haraka ya watu wanaowindwa. Usiku wa tarehe 9 walilala kando ya mto Nueces, mahali pasipo na kinga, wakiwa na walinzi wachache. Hawakujua kwamba askari 94 wa Kusini, chini ya Luteni Colin McRae, walikuwa wamefuata nyayo zao kwa siku kadhaa.

Shambulio lilianza kabla ya mapambazuko ya Agosti 10. Wajerumani walikuwa na bunduki na walipigana, wakawajeruhi na kuwaua baadhi ya washambuliaji. Lakini 19 kati yao waliuawa papo hapo, na waliosalia wakatawanyika porini. Majeruhi tisa walibaki mikononi mwa adui. Saa chache baadaye, wote tisa walipigwa risasi.

Kitendo hicho ndicho kiini cha uchungu wa Comfort mpaka leo, na hakikuwaudhi Wajerumani peke yao. Mwingereza R. H. Williams, aliyekuwa upande wa washambuliaji siku ile, alikieleza kwa hasira na fedheha katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1907. Wanahistoria hubishana kama tukio zima liitwe vita au mauaji ya halaiki. Ubishi huo una mashiko, kwa kuwa walioshambuliwa nao walikuwa na silaha na vikosi. Kuhusu wale majeruhi tisa, hakuna cha kubishania: waliuawa wakiwa hawawezi kujitetea.

Oktoba 18, 1862, wengine wanane waliokuwa wamenusurika walifikiwa mtoni Rio Grande wakijaribu kuvuka kuingia Mexico, wakauawa. Hesabu ikatimia 36.

Miili iliyolala Nueces iliachwa bila kuzikwa. Kwa miaka mitatu familia hazikuweza kwenda kuwachukua wapendwa wao, maana kuonyesha tu kwamba unawalilia kungeweza kukuponza. Vita vilipoisha, mwaka 1865, watu wa Comfort walisafiri hadi kule, wakaokota mifupa, wakaileta nyumbani. Agosti 20 waliizika yote katika kaburi moja. Jarida la Harper's Weekly lilichapisha mchoro wa mazishi hayo Januari 1866. Miezi saba baadaye, katika kumbukumbu ya miaka minne ya shambulio, mnara ulizinduliwa.

Uzinduzi wa mapema hivyo una uzito wake. Miji mingi ya Marekani ilijenga minara ya askari wake miongo kadhaa baadaye, mara nyingi kwa sanamu zilizoagizwa kwa katalogi. Kampuni moja ya Bridgeport, Connecticut, iliuza askari wa zinki Kaskazini na Kusini. Elberton, jimboni Georgia, ilizindua sanamu yake mwaka 1898, na wakazi wakaona inafanana mno na askari wa Kaskazini. Mwaka 1900 waliiangusha, wakaizika ardhini. Comfort haikuhitaji sura ya askari wa kubuni. Ilikuwa na mifupa na majina.

Hayo majina yamepangwa kwa namna kila mmoja alivyofariki: walioanguka Nueces, walioanguka Rio Grande, na wale waliotekwa kisha wakauawa. Waliolichonga jiwe hawakuuficha uhalifu nyuma ya maneno ya kutukuza ushujaa. Sioni sababu nyingine kubwa kuliko hiyo ya kuuheshimu mnara huu.

Husemwa mara nyingi kwamba ndio mnara pekee wa Muungano katika ardhi ya Kusini. Si kweli. Huko Hertford, North Carolina, upo mnara wa askari weusi waliopigania Muungano, uliojengwa na wanawake weusi wa kanisa la mji huo takriban mwaka 1910, nao unastahili makala yake.

Mwaka 1978 mnara wa Comfort uliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na katika miaka ya 1990 ulifanyiwa ukarabati, kwa kuwa mvua na jua vilikuwa vinakula chokaa. Wasomaji wa Kiswahili mnaoishi Texas, mkipita njia ya San Antonio, kateni kona muingie High Street. Uzungukeni mnara wote, na msome majina yote.